Jibu la Pau Moja

Tik. Maharage niliyoyaloweka jioni yalikuwa yamevimba na kusukuma kifuniko cha bati. Tik, halafu kimya, halafu tik. Nilikuwa macho tangu jogoo wa kwanza, nimelala chali, nahesabu kwa vidole chini ya blanketi. Pau moja. Uru moja. Kopa moja. Shupaza moja. Nikifika hapo narudi mwanzo.

Mjukuu wangu Jovina, ninayelala naye chumba kimoja, alijigeuza kitandani kwake.

"Bibi, unasali rozari au unacheza karata?"

"Lala wewe."

"Rozari haina shupaza, Bibi."

Niliamka nikafunga kitenge, nikakifungua, nikakifunga tena. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili wageni walikuwa wanakuja kutoka Bujumbura kucheza briji nasi mjini Gitega, na Mwalimu Kasiano, mstaafu anayetupangia meza, alikuwa ameshasema: kila mtu aje na mwenzake, asiye na mwenzake abaki nyumbani. Mwenzangu alikuwa Salima, naye alikuwa Muyinga, na hakuwa amejibu barua yangu kwa miezi minne. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda kwake. Sikujua kama atanifungulia mlango.

Nitaeleza mchezo wenyewe, maana si wengi wanaoujua kwetu. Wanacheza watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako anakaa mbele yako, ng'ambo ya meza. Kila mtu anashika karata kumi na tatu. Karata nne zikishuka, kubwa inachukua zote, hilo ni fungu moja. Lakini kabla ya kucheza kuna mnada. Kila upande unataja utachukua mafungu mangapi juu ya sita, na aina gani itakuwa turufu, yaani ile inayozikata nyingine. Katika mnada huruhusiwi kumwambia mwenzako "nina ree mbili," zile karata kubwa kuliko zote, au "nina takataka." Unaruhusiwa namba na jina la karata tu. Kopa moja. Shupaza mbili. Basi kila wawili wanapatana mapema neno gani lina maana gani, na wapinzani wakiuliza lazima uwaambie ukweli. Siri haitakiwi.

Mapatano yetu, mimi na Salima, tuliyaanza Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Mimi nilikuwa nafua bendeji hospitalini, yeye anashona mashuka ya wagonjwa. Daktari mmoja wa Kiholanzi na mke wake walikosa watu wawili wa kukamilisha meza, wakatufundisha. Wao waliondoka, sisi tukabaki na karata zao na daftari. Tulipatana hivi: mwenye karata za nguvu, hata kama hana pau yoyote, atasema "Pau moja." Maana yake ni kwamba mimi ninazo, wewe una nini? Kila kitu kinategemea jibu. Jibu hilo tumelishona na kulifumua miaka ishirini. Mtoto wangu Fredi alikua akiamini kuwa Pau Moja ni jina la mtu anayetudai kitu.

Amani iliporudi nasi tukarudi. Mimi Itaba, kwenye kilima cha baba yangu, yeye Muyinga, jirani na kaka yake Saidi. Tukawa tunaandikiana. Fabiano, dereva wa lori la kahawa, alibeba barua zetu kwenye kofia yake ili zisilowe, na hakuwahi kupoteza hata moja.

Mwaka uliopita Salima alianza kubadilisha jibu. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, maneno matano yanajaza mstari mzima, nami nikawaza, huyu siku hizi anachezea karatasi. Alitaka mwenye karata chache za nguvu aseme uru moja, kama zamani. Lakini mwenye za kutosha asitaje aina. Aseme kopa moja kama nguvu yake iko kwenye nyekundu, shupaza moja kama iko kwenye nyeusi. Nikamjibu: "Nyekundu zipi? Kopa au uru? Ukiniambia rangi tu umeniacha nje ya mlango." Akaandika tena, akatetea. Nikaandika tena. Barua yangu ya mwisho niliifunga kwa hasira, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii: huu ni mfumo wa mtu aliyechoka kufikiri.

Hakujibu.

Jovina aliamka akanichemshia chai bila kuombwa, akafunga ndizi mbili na daftari langu kwenye mfuko. Kijana wa pikipiki aliyenipeleka Gitega alikwenda polepole kwenye mashimo yote, akisema, "Mama, shika mabega yangu, si ya kuazima." Kituoni nilimkuta Mwalimu Kasiano akinunua mkaa.

"Jumapili saa nane, Mama Fredi. Wawili wawili."

"Nakwenda kumleta."

"Na kimya," akasema, kidole mdomoni. "Hawa wa Bujumbura wanacheza kimya kama kanisani."

Njiani nilipanga maneno ya kumwambia Salima. Nilipofika Karuzi, katikati ya safari, nilikuwa nimeyapanga mara tatu na kuyafuta yote. Nilifungua daftari, nikalifunga, nikala ndizi moja bila kuisikia.

Nyumba ya Salima ina baraza la saruji. Cherehani yake ilikuwa pale pale barazani, lakini imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa kuna kapu la vitunguu. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso wake umeelekea barabarani, ananitazama. Hakusema kitu. Nikasimama mbele yake.

"Hodi," nikasema.

Akashtuka. "Yoo! Sauti ya Itaba hiyo!"

Nikafikiri ananikejeli, kwamba aliniona muda wote akanyamaza. Binti yake Zuena alitoka ndani mbio, akanikumbatia, akanishika mkono na kunikalisha, akaniletea maji ya kunawa, ya uvuguvugu, maana alikumbuka kwamba vidole vyangu vinauma kwa maji baridi.

"Umeleta barua nyingine, Mama Fredi?" Salima akauliza.

"Nimejileta mwenyewe."

"Bora. Wewe hukunjiki."

Tukacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyejua pa kukiendeleza. Nikamwambia habari za Jumapili. Akasema hawezi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema safari ni ndefu. Nikasema nimeifanya mimi mwenye magoti mabovu. Akasema, "Basi pumzika magoti," akaita Zuena alete meza na karata.

Baada ya sala ya alasiri alikuja Saidi, kaka yake, fundi wa kuchomea vyuma, pamoja na jirani yao Radjabu. Hao ndio walikuwa wanacheza naye kila siku. Saidi hakuwahi kuondoka Muyinga, na Kiswahili chake ni cha huko; ndiyo yake ni "ego."

"Dada Anisia! Mi nilifikiri Itaba imekumeza. Kaa, kaa. Leo we uko na dada yangu, mi niko na huyu mzee."

"Mzee ni nani?" akasema Radjabu. "Mi na we tulitahiriwa siku moja."

"Ego, lakini we ndo ulilia kama mzee."

Nikamuuliza Salima tutumie mapatano gani, yake au yangu.

"Yangu. Hii ni nyumba yangu."

Wakaanza, na kelele nikazishangaa. Kila mtu akitupa karata aliitaja kwa sauti kama mnadi wa sokoni. "Shupaza, kumi! Iko pale!" "Shupaza, malkia, anafunika!" Nikawaza Mwalimu Kasiano angeanguka kifudifudi. Nilipotupa yangu kimya, Saidi akanigusa kiwiko.

"Dada, huku kwetu karata iko na mdomo. Taja."

Nikataja. Niliona ni ushamba, lakini mgeni hafundishi wenyeji.

Mkono wa nne, yaani karata zilipogawiwa mara ya nne, nilipata nzuri. Ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili. "Pau moja," nikasema, na mwili wote ukachemka kama zamani.

Salima alizileta karata zake karibu na pua, akazitazama kwa upande wa jicho kama kuku anavyotazama punje. "Kopa moja."

Yaani anazo, na ni nyekundu. Nyekundu zipi? Nikachagua kopa kwa kuwa nilikuwa nazo nne, tukapanda mpaka kopa nne. Na hapa kuna sheria lazima niieleze. Katika wawili walioshinda mnada, aliyetangulia kutaja ile turufu ndiye anacheza. Mwenzake analaza karata zake zote mezani, wazi, na kunyamaza mpaka mwisho. Salima ndiye aliyetangulia kusema kopa. Kwa hiyo nikalaza zangu.

"Zitaje ukiziweka," akasema Salima. Nikazitaja zote kumi na tatu.

Radjabu alianza. "Uru, tisa! Mi ndo huyo!"

Mezani nilikuwa na uru tatu, Salima akaniambia niteremshe ndogo. Saidi akatupa uru, mfalme. Salima akapitisha kidole kwenye karata zake, akachomoa moja. "Kopa mbili. Nakata." Asiye na aina iliyoanzishwa, na huyo tu, anaruhusiwa kukata kwa turufu, basi akachukua fungu. Vizuri. Nilifurahi, nikajua hana uru hata moja.

Mafungu matano baadaye tulikuwa tunavuta turufu, na ree yangu ya kopa ilikuwa imeshashuka. Salima akasema, "Kopa, sita," akaweka karata mezani.

Ilikuwa uru sita.

Alikuwa na uru muda wote, imejificha kati ya kopa. Kwa hiyo lile fungu la kwanza alilikata kinyume cha sheria, na wapinzani wana haki ya kudai. Nikamtazama Saidi. Saidi alikuwa ameiona. Alinyoosha mkono taratibu, akazoa zile karata nne, akazigeuza kifudifudi, akalisukuma lile fungu upande wetu.

"Kopa sita, ego," akasema. "Imepita."

Radjabu alikuwa anatazama bati la baraza na kukuna ndevu. "Iko mvua inakuja kweli?" akauliza, na mbingu ilikuwa nyeupe kabisa.

Mimi nimelaza karata, siruhusiwi kusema. Kila kitu kikaja kwa mpigo: kapu la vitunguu juu ya cherehani, herufi kubwa kwenye barua, uso uliotazama barabarani usinione. Na hawa wanaume wawili wanaopiga kelele kila alasiri, ili mtu mmoja ajue kila karata iliyoshuka bila kulazimika kuuliza.

Tulishinda ule mkono. Sikusikia raha.

Mkono uliofuata Salima alitangulia tena kutaja turufu, shupaza, nami nikalaza tena. Saidi alipochukua fungu la pili, akaanza na uru. Salima akapitisha kidole, akachomoa shupaza kukata, akainua mkono.

Kuna swali moja tu ambalo sheria inamruhusu aliyelaza karata kumuuliza mwenzake. Yule daktari alitufundisha siku ya kwanza, na kwa miaka ishirini sikuwahi kulihitaji.

"Mwenzangu," nikasema, "huna uru?"

Mkono wake ukasimama hewani. Saidi akaacha kutafuna. Salima alizirudisha karata karibu na pua, akaziangalia moja moja, polepole, hakuna aliyemharakisha.

"Ninayo," akasema. "Ipo moja." Akairudisha shupaza, akaweka uru.

Kisha akainua uso kuelekea sauti yangu, nikajua kwamba anajua.

Wanaume walipokwenda kuswali magharibi tulibaki wawili. Zuena alituwekea chai ya tangawizi, akaondoka na kuvuta mlango, mtoto mwenye adabu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka na nusu. Daktari anasema ugonjwa uko nyuma ya jicho, miwani haifiki huko. Karibu na pua bado naona. Mezani naona rangi. Uso wako sasa hivi ni kama chapati."

"Kwa nini hukuniandikia?"

"Nilikuandikia, Mama Fredi. Nilikuandikia mfumo mzima."

Nikazungusha kikombe.

"Zuena ndiye anayenisomea," akaendelea. "Ile sentensi yako ya mwisho aliiruka. Nikasikia pumzi yake imekatika katikati ya mstari. Nikamwambia, rudi. Akasema hakuna kitu, mama. Nikamwambia, rudi."

"Nisamehe."

"Sikukasirikia maneno. Nilikasirika kwa sababu hukuuliza. Ulipewa kitu kisichokuwa na maana kutoka kwa mtu unayemjua, na hukuuliza."

Ilikuwa kweli. Nilitaka kumshika mkono. Akauvuta.

"Usinionee huruma. Ukitaka kunionea huruma kacheze na ukuta. Niambie kasoro ya mfumo wangu."

"Una kasoro," nikasema. "Una kasoro kubwa. Nikijua rangi tu, nabahatisha. Leo tumepata kwa bahati."

"Hilo nalijua. Sasa?"

Nikafungua daftari. "Mfalme unamwona?"

"Ndevu zake naziona. Ree nayo naiona, ina doa moja katikati, haina umati."

"Basi usinijibu rangi. Usinijibu aina. Nijibu wakubwa tu. Ree ihesabu mbili, mfalme moja. Nikisema pau moja, wewe una moja au huna kitu, sema uru moja. Una mbili, kopa moja. Una tatu, shupaza moja. Zikizidi, panda. Kopa na uru nitazitafuta mimi."

Midomo yake ikacheza. Alikuwa anahesabu. Nilimjua, nikamwacha. Nje mtu alikuwa anapiga misumari, nikatamani aache, kisha nikatamani asiache.

"Hapana," akasema Salima. "Umekosea. Nikisema kopa moja na sina kopa, kisha tukaishia kwenye kopa zako, nani ametangulia kuitaja? Mimi. Nitacheza mimi. Umempa kazi ya kucheza mtu asiyeona, na wewe mwenye macho umelaza karata unakunywa chai!"

"Sijakosea," nikasema. "Nimetaka iwe hivyo."

"Wewe una wazimu."

"Tukishindwa mnada, siwezi kukusaidia neno; nikicheza mimi, wewe umelaza unakaa bure. Ukicheza wewe, mimi nikilaza, sheria inaniruhusu kuuliza. Huna uru? Huna kopa? Kila mara, mbele ya watu wote, halali. Nimeliweka jibu lako mahali ambapo nitakuwa na haki ya kuuliza."

Akaanza kucheka, tumbo linaruka, mpaka akaweka kikombe chini.

"Na kichwa?" akauliza. "Kichwa cha kucheza?"

"Chako kilikuwa bora kuliko changu siku zote. Sikuandika hilo kwenye barua yoyote."

"Liandike."

Nikaliandika, mbele yake, kwa herufi kubwa. Aliuleta ukurasa puani, akausoma wote, akaurudisha.

Nilimpigia simu Mwalimu Kasiano pale pale, kabla sijabadili nia. Nikamwambia nina mwenzangu, lakini meza yetu itataja karata kwa sauti, watu wote wanne. Akasema wageni wamekubali kuja kwa sababu ya kimya. Nikamwomba awaulize. Baada ya muda akapiga yeye: wamekataa. Alikuwa anaona aibu, nilisikia, na alikuwa amejaribu kweli, maana alimaliza salio lake kwa ajili yetu.

"Basi mpe mtu mwingine kiti changu, Mwalimu."

"Mama Fredi, nimeshakuandika kwa wino."

"Futa kwa wino."

Sitasema haikuniuma. Nilikuwa nimeshona gauni kwa ajili ya Jumapili hiyo. Salima alikuwa amesikia yote.

"Ungeweza kwenda na mwingine," akasema.

"Nani anajua jibu?"

Ijumaa tulicheza kutwa, isipokuwa wakati wa sala. Tuliwaeleza Saidi na Radjabu mapatano mapya, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Radjabu alisema ni magumu kuliko kodi. Nilimuuliza Salima yale maswali mara kumi na nne. Mara tatu ilikuwepo karata imejificha. Mara kumi na moja haikuwepo, naye akanijibu kwa maringo, "Sina, mama, endelea na chai yako." Tulishindwa vibaya. Kuna shimo kwenye jibu la uru moja, na usiku mzima niliwaza namna ya kuliziba.

Jumamosi asubuhi Saidi alibeba mfuko wangu mpaka kwenye gari, akanitafutia kiti cha mbele kwa ajili ya magoti. Salima alikuja ameshika bega la Zuena. Nilikuwa nimeshakaa, namwambia dirishani kuhusu lile shimo, kwamba labda asiye na kitu kabisa asiseme sawa na mwenye mfalme mmoja, na dereva alikuwa ameshawasha.

"Usiniandikie hilo," akasema Salima. Alipapasa mlango mpaka akaupata mkono wangu, na safari hii hakuuvuta. "Alhamisi ijayo njoo tena. Lete daftari, na uje uniambie hapa."